Mchoto wa Saa Nne

Wifi yangu ana pua ambayo ningeweza kuikodisha kwa siku. Asubuhi akifika kiwandani haingii ofisini. Anazunguka nyuma, anasimama juu ya mtaro, anavuta hewa mara mbili, halafu anapaza sauti kwa yeyote aliye karibu: "Jana jioni mmemwaga siki bila kuniambia!" Na kweli tulimwaga. Mimi ndiye mwenye kiwanda, yeye ni mke wa kaka yangu, na kwa miaka sita niliyokaa naye kazini sijafanikiwa hata siku moja kupitisha kitu kwenye mtaro ule asikijue. Nimejaribu.

Kiwanda si kikubwa. Tunatia rangi nyuzi za kufumia na kushonea. Tuna mapipa matatu ya chuma, kila moja refu kuliko mtu, ambamo nyuzi huchemshwa pamoja na rangi, chumvi na siki. Kazi ikiisha maji yanafunguliwa, yanatoka meusi au mekundu kutegemea oda ya siku hiyo, yanapita kwenye mashimo mawili ya kutulizia uchafu, yanaingia mtaroni, na mtaro unaishia mtoni. Kati ya shimo la pili na mto kuna chumba kimoja chenye dirisha la nondo. Hicho ni chake. Kina meza ya vigae, sinki, rafu ya chupa zenye vibandiko vya tarehe, kitanuri kidogo cha kuchemshia sampuli, na friji iliyobandikwa karatasi: SI YA CHAKULA. Chini yake, kwa mwandiko uleule, kuna nyongeza: HATA MAZIWA. Nyongeza hiyo iliandikwa kwa heshima ya Bluu, fundi wetu mkuu, anayeitwa hivyo kwa sababu ya vidole vyake ambavyo havijatakata tangu nimwajiri.

Watu wakiniuliza wifi anafanya nini hasa, huwa nawaambia hivi. Uchafu ukiingia mtoni unakula oksijeni iliyomo kwenye maji, na ukila sana samaki wanakosa cha kupumua. Yeye anapima uchafu wetu una njaa kiasi gani. Namba ikiwa kubwa, njaa ni kubwa. Serikali imechora mstari, na kwetu mstari ni mia moja. Kila wiki wifi anajaza fomu, anaandika namba aliyoipata, anagonga muhuri wake wenye namba ya leseni, fomu inakwenda kwa wakubwa. Bila muhuri ule kiwanda kinafungwa. Kwa hiyo ukiangalia vizuri, mimi nina kiwanda na yeye ana mlango wake.

Muhuri huo aliwahi kunyang'anywa, na hiyo ni habari ambayo lazima niitoe mapema kwa sababu ndiyo iliyotufikisha nitakapofika.

Kabla ya kuja kwangu alikuwa mpimaji kwenye kiwanda cha ngozi, mbali na hapa. Alikuwa bado mgeni wa kazi, ana mtoto mchanga mgongoni. Ijumaa moja mashine ya kupimia iliharibika, meneja akamjia na fomu na tabasamu. "Andika kama ya wiki iliyopita, mwanangu, Jumatatu tutarekebisha." Akaandika tisini na tano, akagonga. Jumatatu hakuna aliyerekebisha chochote. Wiki tatu baadaye samaki walielea matumbo juu mpaka kwenye daraja, watu wakaja na ndoo za ushahidi, na meneja akawaambia bila kupepesa: "Mimi si mtaalamu. Muulizeni mwenye muhuri."

Baraza la wapimaji lilimnyang'anya muhuri kwa miaka mitatu. Barua ilisema akirudia, ni maisha. Miaka hiyo mitatu aliosha chupa kwenye maabara ya hospitali, akiamrishwa na mabinti aliowafundisha kupima yeye mwenyewe. "Dada, hii haijatakata, irudie." Alirudia. Nyumbani aligoma kabisa kugusa chombo. Kaka yangu ndiye aliyeosha masufuria miaka mitatu, na mpaka leo anaosha, mgomo haujawahi kutangazwa kwisha.

Adhabu ilipoisha akafanya mtihani upya, akafaulu, akarudishiwa muhuri, na hakuna aliyemtaka. Mimi nilimtaka. Sitajipamba hapa: nilimtaka kwa sababu mpimaji mwenye doa anakubali mshahara ambao mpimaji asiye na doa angeucheka. Kaka yangu alidhani nimefanya hisani. Wifi hakudhani. Siku ya kwanza alisaini mkataba, akaniangalia na kuniambia, "Umeniokota kwa bei ya hasara, wifi. Sawa. Lakini namba nitaandika zinazotoka." Nikamwambia namba zake aandike anavyotaka, mradi zisizidi mia. Akacheka. Nilikuwa sitanii.

Sasa, kuna daftari. Mwanamke huyu, wakati wenzake wanakusanya vikombe na vitambaa vya makochi, anakusanya viwango vya majitaka vya nchi za watu. Ana nchi kumi na nne. Alizipata kwa kuandikia watu asiowajua, kwa kuomba nakala kwenye mikutano, nyingine kwa kukaa mgahawa wa intaneti mpaka anafukuzwa. Kila nchi ina kurasa zake, na akishaanza kukueleza huchomoki.

"Tazama hawa," ananiambia, mimi nikiwa na mzigo unaningoja nje. "Hawa wanafungia maji siku tano kwenye nyuzi joto ishirini, halafu wanaangalia oksijeni iliyoliwa. Hawa wengine siku tatu tu, lakini kwenye ishirini na saba, maana kwao kuna joto. Ukizisoma namba zao kama ziko sawa umejidanganya. Na hawa, wifi, hawa wanachuja maji kwenye karatasi kwanza ndipo wanapima! Mtu umeshatoa nyama kwenye mchuzi, unapima nini?"

"Mimi inanihusu nini?"

"Haikuhusu. Shika tu ukurasa usifunge."

Nilikuwa nashika ukurasa. Niliona ni ugonjwa mdogo, tena usio na gharama, nikamwacha nao.

Mwaka juzi nikapata mnunuzi wa nchi jirani. Alitaka nyuzi za kushonea sare, rangi tatu, mzigo wa kila mwezi kwa miaka miwili. Kwa mtu niliyeanza na meza ya nyuzi nje ya duka la mwingine, hiyo ilikuwa oda ya kuniwezesha kulala mchana. Alikuwa na sharti moja. Nchini kwao sheria haiwaruhusu kununua kutoka kiwanda kinachochafua mto, hata kama mto wenyewe hauko kwao, kwa hiyo kiwanda changu lazima kikaguliwe. Akaniuliza kwa simu: nikaguliwe kwa kiwango cha nchi yangu au cha nchi yake?

Nilimwomba siku moja. Nikapekua karatasi alizotuma, kurasa thelathini na kitu, mpaka nikaipata namba ninayoijua. Kwetu mia moja. Kwao mia na sitini.

Jamani. Mia na sitini! Sisi wastani wetu ulikuwa tisini. Nilikuwa na nafasi ya kucheza mpira. Nikampigia, nikajifanya mtu anayeumizwa, nikasema mimi ni mtu wa kumheshimu mteja na niko tayari kubeba mzigo wa sheria ya kwenu ingawa ni ngeni kwangu, lakini na wewe nipunguzie muda wa kulipwa. Akapunguza. Nikasaini, nikagonga, nikatuma. Halafu nikaenda chumba cha nyuma kujisifu, kwa sababu biashara tamu usipomsimulia mtu inakuwasha.

Wifi alikuwa anaosha mikono. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ikidondosha maji.

"Mia na sitini," alisema.

"Mia na sitini! Na kale kadaftari kako hakakuniambia. Nimeipata mwenyewe."

"Wanachotaje?"

"Nani?"

"Hao wa mia na sitini. Maji wanayachotaje?"

Nikamwambia kwa ndoo, wanachota kama watu. Hakucheka. Alikausha mikono, akachukua karatasi zangu, akazifungua kutokea nyuma, kama anayejua mabaya huwekwa wapi. Kisha akafungua daftari lake akaviweka viwili sambamba, akaniita nikae. Sikupenda alivyoniita.

"Kwetu," alisema, "mia moja ni ya mchanganyiko wa kutwa. Mimi nachota kikombe kimoja kila saa, tangu asubuhi mpaka jioni, vyote nachanganya kwenye ndoo moja, ndoo ndiyo napima. Sawa?"

"Sawa."

"Kwao ni mchoto mmoja. Mkaguzi anakuja saa anayotaka yeye, anachota mara moja, basi. Hicho kimoja kisizidi mia na sitini. Haya, Bluu anafungua mapipa saa ngapi?"

Nilijua. Kila mtu kiwandani alijua. Saa nne asubuhi mapipa yanafunguliwa, maji ya rangi yanatoka kwa kishindo, na kuanzia hapo mpaka jioni ni maji ya kusuuzia tu, karibu meupe.

"Saa nne peke yake inatoka ngapi?" nikauliza.

"Nilishapima kwa udadisi wangu. Mia tatu na kumi."

Nimefanya biashara na watu waongo na watu werevu, na sijawahi kupigwa na mtu yeyote kama nilivyojipiga mwenyewe siku ile. Niliacha namba ndogo iliyokuwa inanifaa, nikaomba kubwa itakayoninyonga, na nikadai punguzo juu yake.

"Mkaguzi anakuja baada ya wiki tatu," nikasema. "Tutampa chai ndefu. Achote saa tisa."

"Hapa wameandika anachagua saa kwa kura, kabla hajatoka kwao. Chai atakunywa."

"Basi tufanye hivi..."

"Wifi." Aliniwekea mkono begani, mkono wa baridi. "Kabla hujasema unachotaka kusema. Kwenye fomu yao namba inaandikwa na mpimaji wa kiwanda. Mimi. Na muhuri ni wangu. Sasa sema."

Nikameza nilichotaka kusema. Nilimwuliza kuna dawa gani. Akasema dawa ipo na ni rahisi: tangi. Maji ya saa nne yasiende mtoni kwa mkupuo, yaingie kwanza kwenye tangi, yakutane na maji ya kusuuzia ya jana, yachanganyike, halafu yatoke kidogo kidogo kwa koki nyembamba kutwa nzima. Ndoo yake ya mchanganyiko, ila kubwa, na badala ya kuwa mezani iko uani. Saa yoyote atakayochota mkaguzi atakuta maji yaleyale.

"Tangi la kujenga wiki tatu halikauki."

"La kujenga la nini? Lile la zege nyuma ya stoo si lipo?"

"Lile lina vyuma vyangu."

Hapa niseme kwamba mimi hununua vyuma chakavu vikiwa rahisi na kungoja bei ipande. Tangi lile lilijaa mpaka mdomoni.

"Bei inapanda lini, wifi?"

"Inapanda."

"Ulivyoanza kuingoja mwanao alikuwa chekechea. Sasa ananyoa ndevu."

Nikamwambia nitatoa nusu. Akasema maji hayakai nusu tangi na nusu vyuma. Nikasema nipe wiki niuze vizuri. Akasema una siku tatu uuze vibaya. Mwanamke aliyekubali mshahara wangu bila kufungua mdomo alikuwa ameketi pale ananipunguzia siku kama anayenunua nyanya, na chini ya hasira yangu nilisikia kitu kingine, kama fahari ya mwalimu. Siku ya tatu vyuma viliondoka kwa bei ambayo sitaitaja.

Wiki mbili zilizofuata hakukaa. Alisugua tangi mwenyewe kwa ndani, ngazi ikishikwa na Bluu huku wakitukanana kwa upendo.

"Fundi, shika ngazi, usishike simu!"

"Nimeshika vyote, mama. Nina mikono miwili ya bluu."

Alibadilisha koki mara tatu mpaka akapata inayotoa maji anayoyataka. Alipima kila saa, kutwa, siku nne mfululizo, akaandika ukutani kwa penseli: tisini na mbili, tisini na tatu, tisini na moja. Zimenyooka kama uzi. Akatupa sharti moja tu, akatuambia mimi na Bluu tukiwa tumesimama pamoja ili tusije kusingiziana. Tangi linabeba mapipa mawili. Siku moja, mapipa mawili. La tatu lipumzike.

"Umesikia, fundi?"

"Nimesikia mama."

"Umesikia, wifi?"

"Mimi si kiziwi."

Mkaguzi alikuja Jumatano, mtu mwembamba mwenye begi la turubai na adabu nyingi. Kura yake ilikuwa imeangukia saa nne na nusu asubuhi. Wifi aliposikia hakutetereka. Aliongozana naye mpaka mdomo wa mtaro, akachota mwenyewe mbele ya macho yake, akajaza chupa mbili. Moja mkaguzi aliifunga kwa lakiri akaitia begini. Nyingine ni ya kupima palepale. Kupima kwenyewe, kwa njia ya haraka isiyongoja siku tano, ni kuchemsha kwa saa mbili kwenye kile kitanuri, kwa hiyo mgeni nikampeleka ofisini kwa chai, na akiwa anakunywa akanieleza, bila mimi kumwuliza, utaratibu ulivyo: namba inayokubalika ni ile ya mpimaji wa kiwanda. Chupa yenye lakiri huenda nayo kwao. Katika chupa tano wanafungua moja, kwa kubahatisha, kulinganisha.

Katika tano, moja. Kichwa changu kikalihifadhi hilo bila hata kuniomba ruhusa.

Saa mbili zilipokaribia kwisha nilimwacha na gazeti nikaenda chumba cha nyuma. Wifi alikuwa amesimama mbele ya mashine. Hakugeuka.

"Ngapi?"

"Mia sabini na moja."

"Haiwezekani. Ukutani hapo..."

"Mapipa mangapi yamefunguliwa leo?"

Nikaanza kusoma kibandiko cha chupa iliyokuwa karibu.

"Wifi. Mangapi?"

"Matatu," nikasema. "Nilimwambia Bluu awashe yote. Mgeni akute kiwanda kimechangamka, asidhani tunababaisha."

Alifumba macho. Nilitegemea matusi, na wifi ana haki ya kumtukana wifi yake, hilo linajulikana. Hakutukana. Alivuta fomu akaiweka juu ya vigae, akatoa muhuri kwenye mfuko wa koti lake jeupe.

Sasa nitasema nilichosema, kwa sababu nikikificha habari hii ya maisha yake haina maana. Nilifunga mlango. Nilimwambia aandike mia hamsini na nane, kwani imepishana na mia sabini na moja kidogo tu, hata mashine hukosea kiasi hicho. Nilimwambia chupa moja kati ya tano. Nilimwambia kesho tukiwasha mawili namba itakuwa tisini na tatu, kwa hiyo hatudanganyi, tunaandika ya kesho. Hilo la mwisho niliona ni zuri sana. Nilimwambia kuna watu ishirini na sita wanakula kupitia mapipa yale, na mmojawapo ni yeye.

"Ijumaa ile," alisema polepole, "meneja naye alisema Jumatatu."

"Mimi si yule meneja."

"Najua. Yule alikuwa hanipendi."

Aliandika 171, tarakimu tatu kubwa, za mtu anayetaka zisomeke hata bila miwani. Akagonga muhuri. Akaupuliza wino ukauke, akanikabidhi fomu nimpelekee mgeni, na mimi niliyesaini mikataba mingapi maishani nilitembea uani na karatasi ile kama nimebeba uji wa moto.

Mkaguzi aliisoma. Akavua miwani, akaisafisha, akasoma tena.

"Nani amegonga?"

"Mpimaji wangu."

"Niitieni."

Alikuja bado amevaa glavu. Mkaguzi akamwuliza kwa nini imezidi. Akajibu kwamba tangi linabeba mapipa mawili na leo yamefunguliwa matatu, basi, hakunitazama hata kidogo. Mkaguzi akauliza vipimo vya siku nyingine vinaonyesha nini. Akampeleka kwenye ukuta wa penseli, wakasimama pale kama nusu saa, halafu daftari likatoka. Nilisikia "nyama kwenye mchuzi", nikamsikia mkaguzi akicheka mpaka anakohoa. Wawili wale walikuwa wamepatana. Mimi na Bluu tulisimama mlangoni kama tumekuja kuomba maji.

Nisiwaweke roho juu. Sheria yao inasema aliyezidi kwa chini ya sehemu moja ya kumi hupewa mchoto wa pili baada ya siku thelathini, na wakati huo mnunuzi anaruhusiwa kuchukua nusu ya mzigo. Nusu tukaipeleka. Siku ya thelathini kura iliangukia saa tano, mapipa yalikuwa mawili, ikatoka tisini na nne, na mkataba ukasimama. Chupa yetu ya kwanza kama waliifungua au hawakuifungua mpaka leo sijui, na nimeacha kutaka kujua.

Ninachotaka kueleza ni jioni ya ile siku ya kwanza, gari la mkaguzi lilipoishia barabarani na sisi bado tunadhani, au mimi nadhani, kwamba nusu nyingine imekwenda na maji. Wifi alikuwa amegeuza ndoo ameikalia uani, glavu mapajani. Nilimletea kikombe cha chai. Sijawahi kumpelekea mtu chai kiwandani kwangu.

"Kama ni kunifukuza," alisema, "sema sasa hivi niwahi basi."

"Nikufukuze nimpate wapi mwingine kwa mshahara ule?"

"Huo nao tutauongea. Leo nataka kingine."

"Haya, taja."

"Koki za mapipa. Nataka zifungwe kwa kufuli. Ufunguo nikae nao mimi."

"Funguo mbili," nikasema. "Mmoja wako, mmoja wangu."

"Mmoja."

"Wifi, mapipa ni yangu. Nimeyalipia moja moja."

"Na leo umeyafungua yote matatu. Mmoja."

Nilimwangalia. Uso ulikuwa umechoka, wino wa muhuri umemchafua kidole gumba, na sikuona mahali hata pamoja ambapo angeshuka bei. Mtu anayejua kuuza huijua sura hiyo.

"Na siku ukiwa likizo? Nikitaka kufungua?"

"Utanipigia simu, utaniomba."

"Nikuombe! Kiwandani kwangu mwenyewe!"

"Vizuri," alisema, akanywa chai. "Na siku hiyo ukipiga simu, usianze na kelele."